Mwaka wa Kugombania Wamama

Kiprono alipofika mahali pa kusimulia jinsi tulivyokuwa tukigombania wamama kwenye wadi ya uzazi, meza nzima iliangua kicheko. Nami nilicheka. Kisha nikajichukia, nikakitema kipande cha sambusa kwenye karatasi ya kupangusia mikono kama mtoto mdogo. Tulikuwa tumekutana hotelini mjini Kericho, watu kumi na wawili wa darasa letu la uuguzi. Zamani tulidhani tungebadilisha afya ya nchi hii, na sasa tulikuwa tukilinganisha dawa zetu za presha. Kiprono, ambaye alikuwa kiongozi wa darasa na siku hizi anauza vitanda vya hospitali, alisimama kabisa atuonyeshe alivyomsukuma mwanafunzi wa chuo kingine kwa nyonga ili yeye ndiye adake mtoto. "Ilikuwa vita, jamani! Mimi nilikuwa na kiwiko kama ya difenda!" Mtu mmoja upande wa dirisha akauliza, "Na Kemunto aliendaga wapi?" Mwingine akamjibu huku akijimiminia chai, "Si alirudia mwaka? Alikuwa na maneno fulani huko maternity. Hata kwa grupu hayuko." Mazungumzo yakahamia kwenye shule za watoto. Hakuna aliyenitazama, maana hakuna aliyekuwa na sababu ya kunitazama, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mwaka wetu wa nne chuoni, mimi na Kemunto tulipanga chumba Kapsoit, nyuma ya mashine ya posho. Nakikumbuka chumba hicho kuliko nyumba nyingi nilizoishi baadaye. Kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka na kitanda kimoja tulichokilalia mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kwake. Mashine ilipowashwa asubuhi, vikombe vilitembea juu ya meza, mpaka tukajifunza kuviweka sakafuni. Unga uliingia katika kila kitu. Mara nyingi nilifika wadini nikidhani sare yangu imetakata, kumbe weupe wenyewe ni wa mahindi. Jioni tulipika kwa zamu kwenye jiko la mafuta ya taa. Kemunto alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, watu wake wametoka Kisii, na mboga ile ile niliyoiita isagek yeye aliiita chinsaga. Mimi nilitaka ichemshwe, kisha ilale ndani ya maziwa mpaka uchungu wote uishe. Yeye alisema huko ni kuiua mara mbili. "Nyinyi Wakipsigis mnaogopa mboga ikiwa na tabia yake," alikuwa akiniambia, nami nacheka mpaka nashika ukuta. Tulikuwa marafiki. Nalitaja hilo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya udhani vingine.

Shida yetu ilikuwa kitabu. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha kesi, na ndani yake kurasa za kuzalisha, kila ukurasa na nafasi ya sahihi ya muuguzi aliyekushuhudia ukimpokea mtoto kwa mikono yako mwenyewe. Usipofikisha idadi, hufanyi mtihani wa leseni. Usipopata leseni, miaka yote minne umecheza. Chuo kilijua hivyo. Kilijua pia kwamba wadi ile ilikuwa na vitanda sita tu vya kujifungulia, lakini kikatutuma sote kwa pamoja, na tulipofika tukakuta wanafunzi wa vyuo vingine viwili wamejipanga ukutani, glavu mkononi, wakimtazama mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anavua viatu. Wiki hiyo ya kwanza nilimsikia mhadhiri wetu, Bwana Sigei, akizungumza na mwenzake kwenye varanda. "Hawa wote watapata kesi wapi?" mwenzake alimuuliza. "Watajipanga," akasema Bwana Sigei, na wakaendelea na habari za mechi. Neno hilo linanichemsha damu hadi leo. Mtu mzima, mwenye ofisi na mshahara, anaona vijana hamsini na vitanda sita, na hesabu hiyo anawaachia vijana.

Basi tulijipanga. Sijui nani alianzisha, tulikuta tayari ni sheria ya wanafunzi. Mama akiingia, wa kwanza kumpima na kumfungulia chati ya uchungu alikata kipande cha plasta, akaandika herufi za jina lake, akakibandika kwenye chuma cha kitanda upande wa miguu. Kuanzia hapo mama huyo ni wako. Mwingine akimpokea mtoto wake, ameiba kesi, na mwizi wa kesi alikuwa hasalimiwi hata na watu wa chuo chake. Msimamizi wa wadi, Sista Nelly, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto, alizibandua plasta hizo kila asubuhi na kuzifinyanga mkononi huku akitupigia kelele. "Hii ni wadi ama ni steji? Mnagombania wamama kama makanga! Mama si abiria, mnanisikia?" Tuliitikia, "Ndio, Sista," na akigeuka tunabandika nyingine chini, karibu na godoro, asikoona. Siwezi kusema hakutukanya. Lakini zamu ya mchana alikuwa yeye na msaidizi mmoja kwa wadi nzima, na bila mikono yetu kazi ingesimama, na yeye alijua, na sisi tulijua kwamba anajua.

Mwezi wa pili nilikuwa nimebakiwa na kesi mbili. Kemunto pia mbili. Siku hiyo nilikuwa na mama mwenye plasta yangu, nikatumwa maabara kuchukua damu ya mgonjwa mwingine, foleni ikanikalisha, na niliporudi nilimkuta Kemunto akimpangusa mtoto huku Sista Nelly akitia sahihi kwenye kitabu chake. Nilivumilia mpaka Kapsoit, nikafunga mlango, mashine ya posho ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

"Umeniibia," nikamwambia.

"Chela, mtoto alikuwa anatoka. Ulitaka nimrudishe ndani?"

"Ungeniita."

"Maabara? Nikuache kichwa iko nje nikuje kukuita maabara?"

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki hata nikiwa nimesimama pale na mkoba begani, na kujua huko kulinizidishia hasira. Nikamwambia polepole, ili asije akasema hakusikia, "Skiza, Kemunto. Kuanzia leo, mama akiwa na plasta yangu, usimguse. Hata kama kichwa imetoka. Uniite." Akasema, "Sawa," akageukia sufuria, akapindua ugali, akaukata, akanipa pande kubwa kama kawaida yake. Tulikula. Nilidhani nimeshinda.

Siku nne baadaye, asubuhi, aliingia mama wa kitanda cha tatu. Alikuwa ametoka upande wa Bomet, mimba ya pili, ile ya kwanza ilikuwa imeharibika. Nilimpima presha, nikampima njia, imefunguka sentimita sita, nikamfungulia chati, nikabandika plasta yangu. Alilala akiwa ameuelekea ukuta, ameshika ukingo wa godoro, akipumua kwa pua. Nilimuuliza kwa Kikipsigis kama uchungu umezidi. Akanijibu, "Kidogo tu." Hapa ndipo ninapokosa la kujitetea. Mwanafunzi aliyetoka mbali angeweza kusema hakujua. Mimi nilikua nikiwasikia wanawake wa kwetu wakimzungumzia fulani aliyepiga kelele akijifungua, wakimcheka miaka na miaka, hata mtoto mwenyewe ameshaanza shule. Nilijua kwamba mama wa namna hiyo atakwambia "kidogo tu" mpaka mtoto anatokeza. Lakini kitanda cha tano kulikuwa na msichana anayemlilia mama yake kwa sauti ya kubomoa paa, wanafunzi wote wamemzunguka, na masikio yangu yakanidanganya kwamba kwenye kelele ndiko kwenye haraka. Wangu nikamwona ana saa nzima bado. Nilikuwa na njaa, tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa chai ya rangi tu. Nikaenda kibandani nyuma ya chumba cha dobi kula chapati. Sikumwambia mtu yeyote amwangalie, kwa sababu kumwachia mwenzako mama wako amwangalie kulikuwa sawa na kumpa kesi.

Sikuwa nimemaliza nusu ya chapati. Kemunto alitokea kwenye kona ya dobi akikimbia, kofia mkononi. "Chela! Mama yako! Kichwa imetoka!" Na mimi, Mungu anisamehe, swali la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Nani amemshika?" Akasema, "Hakuna mtu. Si ulisema nikuite."

Tulikimbia. Sista Nelly alikuwa thieta na mama wa upasuaji, msaidizi alikuwa ameenda kuchukua shuka, na wanafunzi wote walikuwa kitanda cha tano wametupa migongo. Mtoto wa kitanda cha tatu alikuwa juu ya shuka katikati ya miguu ya mama yake, rangi ya zambarau, akilia kwa sauti ndogo. Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, mkono mmoja umenyooshwa, akijaribu kumfikia na hafiki. Damu ilikuwa inakuja bila kusimama. Alipotuona akasema, kwa Kiswahili, labda kwa sababu ya Kemunto, "Mnisamehe, masista. Nimeshindwa kungoja." Nilimchukua mtoto. Kemunto alilikandamiza tumbo la mama kwa mikono yote miwili huku akiita sindano, sindano, na kabati ya sindano za kuzuia damu ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sista Nelly, thieta. Mtu alipokimbia na kurudi na ufunguo, tulikuwa tumesimama kwenye damu. Wakampeleka thieta. Ili wamwokoe, waliondoa kizazi. Mtoto alikuwa msichana, na aliishi. Mama yake hakuweza tena kuzaa mwingine.

Ijumaa yake tuliitwa ofisini mwa Sista Nelly, mmoja mmoja, Kemunto kwanza. Nilipoingia mimi, Bwana Sigei alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni, amevaa tai, mara ya kwanza kumwona katika wadi hiyo kwa wiki tatu. Juu ya meza kulikuwa na sahani ya wali na maharagwe iliyofunikwa kwa sahani nyingine, chakula cha mchana cha Sista ambacho hakikuwa kimeguswa. Bwana Sigei aliniuliza kuhusu kibanda na chapati, nikakubali. Kisha akasema, "Kemunto anadai wewe ndiye ulimwambia asimguse mama wako, hata mtoto akitoka. Ulisema hivyo?" Nilikuwa bado nimebakiwa na kesi mbili. Niliona mtihani, nikaona kofia na joho, nikaona watu wa kanisa kwetu waliokwisha kuanza kuniita daktari ingawa niliwaeleza. Nikasema, "Hapana, mwalimu. Hakuna mtu anaweza kusema hivyo." Hayo maneno ya mwisho hakuna aliyeniuliza, niliyaongeza mwenyewe ili uongo ukae vizuri. Sista Nelly alitazama sahani yake. Nafikiri hakuniamini, lakini alikuwa amechoka, na naye alikuwa na ufunguo wake wa kueleza.

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutoka wadini bila ruhusa. Kemunto aliambiwa arudie mwaka mzima, kwa kumwacha mama ambaye kichwa cha mtoto kimeshatoka. Hakuna aliyemwandikia Bwana Sigei barua. Hakuna aliyeuliza chuo kilikuwa kinafikiria nini na vitanda sita. Muhula uliofuata walituma kundi kubwa kuliko letu.

Tuliishi pamoja wiki saba zaidi. Siku ile ya ofisi nilizunguka Kapsoit mpaka miguu ikauma, nikiogopa kuingia. Nilipoingia nilikuta amepika isagek, na ameilaza ndani ya maziwa, jinsi nilivyoipenda mimi. Tulikula. Hakuniuliza nilichojibu. Wiki zote hizo hakuniuliza, na mimi nikajiambia kwamba basi hajui, labda hawakumwambia kwamba niliulizwa. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuujenga uongo na kuhamia ndani yake na vyombo. Nikapata kesi zangu mbili, nikafanya mtihani, nikapita vizuri. Siku ya mahafali nilimtafuta kwenye umati nikitumaini sitamwona, na kweli hakuja.

Leo mimi mwenyewe ni mhadhiri wa wakunga. Plasta zimekwisha, siku hizi wanafunzi wanapangiana wamama kwenye simu, mchezo ni ule ule. Nimesema katika mikutano mpaka wenzangu wakiniona nimeinua mkono wanaanza kukusanya karatasi. Naambiwa vitanda ni mambo ya kaunti, idadi ya wanafunzi ni mambo ya seneti, na mimi nifundishe. Nawafokea vijana, wananiogopa, na wakitoka nje nawasikia wakisema madam ana stresi za nyumbani. Hawajui kwamba nikiwafokea ninamfokea msichana mmoja mwenye chapati mkononi. Hilo lilikuwa siri yangu na niliitunza vizuri, mpaka Kiprono alipotuonyesha kiwiko chake.

Wiki iliyofuata niliuliza huku na huku, nikaambiwa Kemunto anasimamia wadi ya uzazi kwenye zahanati moja upande wa Sigor. Nilisimama Litein kununua mkate na sukari, maana huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama unakwenda kuomba msamaha. Nilimkuta uani akianika aproni za mpira za kuzalishia, nywele zimejaa mvi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. "Chela!" akasema, akanikumbatia kwa viwiko kwa sababu mikono ilikuwa imelowa. "Umenona, mama. Unakula mshahara." Alinipeleka kwenye chumba kidogo cha wauguzi, akamimina chai ya maziwa kutoka kwa thamosi. Niliogopa nikikawia nitashindwa, kwa hiyo nikasema kabla hajakaa. "Kemunto, ile siku kwa ofisi niliulizwa. Nikakataa. Nilisema uongo."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nje. Bwana Sigei aliniambia nikae kwa benchi ningoje. Ile mlango ya Sista haikuwa inafunga vizuri. Nilisikia yote, mpaka ile ya 'hakuna mtu anaweza.'"

"Na ukarudi nyumbani ukanipikia?"

"Si ilikuwa zamu yangu."

Alisema hivyo bila mzaha na bila uchungu, kama anayenieleza kitu cha wazi. Mimi nilitamani anitukane. Wiki saba, miguu yake kichwani kwangu, anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikoroga chai yake. "Ningesema nini? Wewe ulidanganya, sawa. Lakini mimi ndiye nilisimama pale nikaona kichwa. Mikono nilikuwa nayo. Nilikumbuka vile uliniongelesha, nikasema moyoni, wacha nikamwite, ajue nafuata sheria yake. Nilikimbia na hasira, Chela. Hiyo sikuambia mtu. Kwa hivyo hao walinipa mwaka mmoja, na mimi nilijua ni yangu." Akanywa. "Wewe umekuja kuniomba msamaha mimi. Mimi siko kwa hii maneno sana."

"Uko," nikasema. "Nilikuharibia maisha."

"Maisha yangu iko hapa, unaiona. Mimi nilienda kumtafuta yule mama. Mara ya kwanza alinifukuza na fimbo ya ng'ombe. Mara ya pili mzee wake akanifukuza. Mara ya tatu akanipa kiti." Aliweka kikombe chini, akavaa miwani yake, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Sasa wewe. Ukitoka hapa ukitaka kwenda kwake, ukifika kwa soko utauliza nani? Anaitwa nani?"

Nilijua presha yake ya asubuhi ile, ya juu na ya chini. Nilijua sentimita. Nilijua saa niliyomfungulia chati na saa niliyomwacha. Jina lake nililiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu, juu kabisa ya karatasi. Kemunto alingoja, mikono mapajani, hakunisaidia. Jina hilo sikuwa nalo.